Meno ya Punda

Mimi ni karani wa kuazimwa.
Mwezi uliopita nilikaa meza ya vitambulisho,
mwezi huu wamenihamishia chumba cha nyuma ya Ngome,
feni moja, mihuri miwili,
nipokee karatasi za wagombea.

Kwenye meza ile ya kwanza alinijia Lali Shebwana wa Mbwajumwali,
miaka kumi na tisa, viatu mkononi kwa adabu,
safari yake ya nne.
Nikamwambia, leta cheti cha kuzaliwa.
Akaleta.
Nikamwambia, leta kitambulisho cha babu.
Babu amekufa.
Basi leta cha bibi, na barua ya chifu, na wazee watatu wakujuao.
Bibi akaja mwenyewe, Mwanakombo, kwa boti ya alfajiri,
pindo la buibui limelowa.
Tukamuapisha. Tukamuuliza
mkunga aliyempokea mama wa kijana huyu alikuwa nani.
Akamtaja.
Akamtaja na aliyemfundisha mkunga kazi.
Tukaandika: bado anachunguzwa.

Leo ameingia Bwana Mselem Abubakar, mbunge mtarajiwa,
kwa matarumbeta, na punda kumi na wawili waliofungwa vitambaa vya chama.
Akavua miwani, akaketi pasi kukaribishwa,
akanipa shahada yake:
kivuli cha kivuli cha karatasi,
muhuri umefifia kama hina ya mwezi jana.
Jina la chuo nililisoma hadi herufi ya nne,
zilizobaki nikazikisia.
Nikauliza, "Asilia iko wapi?"
Wakili wake akatabasamu, si kwa ubaya.
"Dada Nuru, nionyeshe kifungu."

Nikapekua kitabu nilichopewa, jasho kwenye kidole.
Kifungu kinasema awe na shahada.
Hakisemi nani amwambie: hebu tuone.
Yeye aape, atie sahihi hapo chini,
na mwenye shaka aende mahakamani,
kwa ada yake, kwa wakili wake, ndani ya siku saba,
akathibitishe kwamba kitu fulani hakipo.

Nikagonga muhuri.

Lakini sisi chuoni, tungali watoto wa kukaa mkekani,
tulifundishwa kuwa anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi.
Na huyu hadai? Anadai miaka mitano yetu,
na kalamu ya kugawia maji, na ya kugawia ardhi.
Mchumba huulizwa.
Posa hurudi nyumbani na tambuu zake
kwa jina moja tu la ukoo lisilojulikana.
Hata punda, pale Langoni,
hakuna atoaye pesa kabla ya kumfunua mdomo
ahesabu meno.

Sisemi ni mwongo.
Hapo ndipo paniumapo: siwezi kusema lolote.
Huenda alisoma kweli,
huenda mamake aliuza mkufu kwa ajili ya karo,
na hiyo asilia imo sandukuni, imekunjwa vizuri,
inangoja mtu wa kuitaka.
Basi hata yeye nimemdhulumu.
Muhuri wangu haushuhudii kitu
ila kwamba fomu haikuachwa nafasi tupu.

Alasiri nilimkuta Mwanakombo kwenye kona ya kwenda gatini.
Alikuwa amekuja tena kuulizia faili la mjukuu.
Ukutani juu yake, picha ya Bwana Mselem,
gundi bado mbichi, kicheko kipana.
Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya samaki,
"Na huyu, mkunga wake ni nani?"

"Huyo ameapa, bibi."

"Hata mimi niliapa."

Akaitazama picha kwa muda, kichwa upande.
"Meno tumeonyeshwa," akasema. "Kuhesabu, bado."
Kisha akaniuliza kama boti ya Faza imeshaondoka.